Kutoka mwendo wa polepole hadi kosa la saa: asili ya neno "tardy"

Walimu wenzangu, asanteni kwa kuja. Kati yetu hapa Arusha wengi tunafundisha Kiingereza, na neno "tardy" tunakutana nalo kwenye vitabu vya Kimarekani. Kule Marekani ni neno la shuleni hasa: mwanafunzi aliyefika kengele imeshalia. Mwingereza husema "late", basi.

Mzizi wake ni Kilatini, "tardus", maana yake mzito wa mwendo. Likapitia Kifaransa cha zamani, "tardif", kisha likaingia Uingereza, ambako tangu Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waiteke mwaka 1066 Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa. Saa haimo kabisa katika maana hiyo ya kwanza. Mwaka 1776 Mwitaliano Spallanzani alimwita mnyama mmoja mdogo wa majini, wa kutazamwa kwa hadubini, "tardigrado", yaani mwenda polepole. Kilichompa jina ni hatua zake. Hata "late", neno la Waingereza wenyewe, hapo kale lilimaanisha mzito, mvivu wa mwendo. Kwa hiyo maneno yote mawili yalianza kwa kumtazama mtu miguu.

Sisi tulianzia kwingine, na hapa naomba tutulie kidogo. Kuchelewa kunatokana na kucha, kule kwa "kumekucha". Ni kufikiwa na mapambazuko kabla hujatimiza ulilokusudia. Mama anayeteremka na mkungu wa ndizi kichwani kwenda soko la Tengeru, jua likachomoza upande wa Kilimanjaro naye angali njiani, huyo amechelewa kwa maana ya asili kabisa. Pengine alikuwa anakimbia. Neno letu halisemi lolote kuhusu kasi yake, linasema kumemkuchia. Mimi naona hilo ni neno la haki zaidi, na wanafunzi wetu wanastahili kulijua.

Mzizi wa Kilatini haukuishia kwenye kengele ya shule. Ndio uliozaa "retardation", jina ambalo madaktari waliwapa watu wenye ulemavu wa akili, na mitaani likafupishwa likawa tusi. Msiliache darasani bila kulieleza, maana watoto wanalisikia kwenye filamu na kulirudia. Wamarekani wenyewe walililalamikia kwa miaka mingi, hadi mwaka 2010 Rais Obama alipotia saini sheria ya kuliondoa jina hilo katika sheria za serikali kuu za afya, elimu na kazi.