Stratford, mji ambao kila mtu alimdai mwenzake

Habari zenu ndugu zangu, mlioko Tanga, Mombasa, Dodoma, Bujumbura na kokote mnakonitazama. Leo niko Stratford-upon-Avon, mji mdogo katikati ya Uingereza, si mbali na Coventry ninakoishi. Mtaa huu unaitwa Henley Street, na nyumba hii ya mbao iliyo nyuma yangu watalii wanaijia kutoka dunia nzima, kwa sababu ndipo alipozaliwa William Shakespeare mwaka 1564. Tamthilia zake mmezisikia shuleni. Mimi leo nataka niwaeleze kesi. Ukoo huu ulikuwa na kesi za faini, za riba, za rehani na za udhamini, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa mpaka leo.

Mara ya kwanza baba yake, John, anapoonekana katika kumbukumbu za mji huu ni tarehe 29 Aprili 1552, na anaonekana akitozwa faini. Yeye na wenzake wawili walirundika samadi hapa hapa mtaani, mahali pasiporuhusiwa. Kila mmoja akatozwa shilingi moja. Shilingi ya wakati ule ilikuwa na peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Mkitaka kupima uzito wake, kwenye mwaka 1600 hivi fundi ujenzi kusini mwa Uingereza alilipwa kama shilingi moja kwa siku. Kwa hiyo lile lundo la samadi lilimgharimu mtu kibarua cha siku nzima au zaidi.

Mahakama iliyotoza faini hiyo ilikaa mara mbili kwa mwaka, na waliotoa taarifa ni majirani wenyewe, wakiwa wameapishwa. Fulani hakusafisha mfereji mbele ya nyumba yake. Fulani kauza pombe kwa bei isiyo halali. Wawili wamepigana hadi damu ikamwagika. Hakukuwa na polisi kama tunaowajua sisi. Konstebo alikuwa jirani yako aliyechaguliwa kwa muda wa mwaka, na John mwenyewe alishika kazi hiyo mwaka 1558, baada ya kuwa mwonjaji wa pombe, yaani mtu wa kukagua kama pombe na mikate inayouzwa mjini ni halali.

Makosa makubwa hayakumalizwa hapa. Mwizi alipelekwa Warwick, ambako majaji walifika kutoka London mara mbili kwa mwaka. Na huko sheria ilikuwa ya kutisha. Ukiiba kitu cha thamani isiyozidi peni 12, unachapwa viboko hadharani. Kikizidi peni 12, hukumu ni kunyongwa. Kwa shilingi moja, ndugu zangu! Wazee wa baraza walioapishwa kuamua kesi walikuwa watu wenye watoto, na mara nyingi walifanya jambo ambalo mimi nawaheshimu kwalo: walishusha thamani ya mali iliyoibwa. Kitu cha shilingi tatu wanakiandika cha peni kumi, mtu anachapwa, anarudi kwake akiwa hai.

Kulikuwa na mlango mwingine wa kuponea, ila huo ulikuwa wa wenye elimu. Mwanamume aliyetiwa hatiani kwa mara ya kwanza, kama kosa lake halikuwa miongoni mwa yale yaliyofungiwa mlango huo, aliweza kudai haki ya makasisi. Anapewa Biblia, anasomeshwa mstari, mara nyingi mwanzo wa Zaburi ya 51. Akiweza kusoma, hanyongwi. Anapigwa chapa ya moto kwenye kidole gumba ili asirudie ujanja huo mara ya pili. Ben Jonson, mwandishi aliyefahamiana na Shakespeare, alimuua mwigizaji Gabriel Spencer katika pambano la panga mwaka 1598, akasoma mstari wake, akatoka na chapa yake. Mwanamke aliyeiba kitambaa mwaka huo huo hakuwa na haki hiyo hata kama alijua kusoma. Wanawake walianza kupewa sehemu yake mwaka 1624. Nikisoma habari hizi nafsi inaniuma.

Halafu kulikuwa na adhabu za aibu. Mkatale, ile mbao inayobana miguu, ulikuwepo karibu kila kijiji. Sheria ya mwaka 1606 ilisema mlevi alipe shilingi tano, na asiyekuwa nazo akalishwe kwenye mkatale saa sita. Mwenye pesa anakwenda zake, asiye nazo anakaa pale watoto wanamtazama. Kanisa nalo lilikuwa na mahakama yake. Machi 1616, Thomas Quiney, mkwe wa Shakespeare aliyeoa mwezi uliotangulia tu, alikiri kwamba alimpa mimba Margaret Wheeler. Margaret na mtoto walikuwa wamefariki wakati wa uzazi, wamezikwa siku chache kabla. Thomas aliamriwa asimame kanisani Jumapili tatu akiwa amejifunga shuka jeupe mbele ya waumini wote. Baadaye hukumu ikalegezwa: atoe shilingi tano kwa maskini, akaungame kwa mchungaji wa kanisa dogo la Bishopton akiwa amevaa nguo zake za kawaida. Shilingi tano, na lile shuka hakulivaa.

Sasa tuje kwenye madeni, maana ndiyo hasa yaliyonileta.

Sarafu zilikuwa haba sana. Watu hawakuwa na pesa mfukoni za kununulia kila kitu, kwa hiyo karibu biashara yote ilienda kwa mkopo. Muuza nyama anamdai fundi viatu, fundi viatu anamdai mwoka mikate, mwoka mikate anamdai mkulima wa ngano, na mkulima anamdai muuza nyama. Baada ya miezi wanakaa, wanahesabiana, wanafutiana, kinachobaki ndicho kinacholipwa. Aghalabu hakukuwa na hati, lilikuwa neno la mtu na shahidi aliyesikia. Kwa hiyo jina lako zuri ndilo lililokupa unga na kuni. Tangu mji ulipopata hati yake ya kifalme mwaka 1553, ilikuwepo mahakama ya hapa hapa iliyosikiliza madai ya hadi pauni 30 kila baada ya wiki mbili. Nyingi katika kesi hizi hazikufika kwenye hukumu. Mdai anafungua kesi, mdaiwa anashtuka, wanapatana nje, maisha yanaendelea. Kumshitaki jirani hakukuwa kumtangazia uadui.

John alipanda kwa mfumo huo. Alikuwa fundi wa glavu za ngozi, akafanya biashara ya sufu pembeni, akakopesha watu. Mwaka 1568 akashika cheo cha juu kabisa mjini, kama meya, na cheo hicho kilimkalisha kwenye kiti cha hakimu wa mahakama hiyo ya madai. Alisikiliza madeni ya wenzake. Miaka miwili baadaye akashitakiwa yeye kwa riba: kwamba alikopesha pauni 80 na pauni 100 na kutaka pauni 20 juu ya kila mkopo. Wakati ule sheria ilikataza riba yoyote. Mwaka uliofuata tu, 1571, Bunge likalegeza, na asilimia 10 ikavumiliwa.

Kuanguka kwake kulianza na ardhi. Mwaka 1578 alihitaji fedha taslimu, akaweka rehani nyumba na shamba la Wilmcote ambalo mke wake, Mary Arden, alirithi kwa baba yake. Aliyempa pauni 40 alikuwa Edmund Lambert, mume wa dada yake Mary, yaani mwanyumba wake. Makubaliano yalikuwa deni lilipwe kufikia mwishoni mwa Septemba 1580. Ukoo wa Shakespeare ulidai kwamba fedha zilipelekwa kwa wakati, Lambert akazikataa, akisema John ana madeni mengine kwake na ayalipe kwanza. Wakashitakiana hadi kwa mtoto wa Lambert, miaka na miaka, mpaka mahakama za London. Shamba halikurudi. Fikirieni Mary, anayeona urithi wa baba yake umebaki nyumbani kwa dada yake.

Kilichonishika zaidi lakini ni udhamini. Mwaka 1580 John alitozwa pauni 40 na mahakama ya Westminster. Pauni 20 zilikuwa kwa kutofika kwake mwenyewe alipoitwa. Pauni 20 nyingine zilikuwa kwa sababu alimdhamini mtengeneza kofia wa Nottingham, naye hakutokea. Mwaka 1587 ikawa zamu ya mdogo wake, Henry. Henry alidaiwa pauni 22, John akasimama kwa pauni 10 kati ya hizo, Henry hakulipa, mdai akamgeukia John. Huko nyuma, mwaka 1586, maofisa wa mahakama walitumwa wakamate mali zake, wakarudi na jibu kwamba hana cha kukamatwa. Mwaka huo huo akaondolewa kwenye baraza la mji, kwa kuwa alikuwa haji vikaoni kwa muda mrefu. Na mwaka 1592 jina lake likaandikwa kwenye orodha ya wasiohudhuria ibada, pamoja na maelezo kwamba yeye na wenzake kadhaa wanaogopa kukamatwa kwa madeni. Kanisani ndiko ofisa angekukuta kwa hakika. Wapo wanahistoria wanaosema hicho kilikuwa kisingizio cha kuficha Ukatoliki wake, dini iliyokatazwa wakati ule. Inawezekana. Hata hivyo kisingizio kilikubalika kwa sababu mji mzima ulijua hali yake.

William alikulia katika nyumba hiyo. Alikuwa na miaka 14 shamba la mama lilipowekwa rehani. Alipofanikiwa London alirudi akanunua New Place, moja ya nyumba kubwa kuliko zote mjini, mwaka 1597. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno mabaya mfululizo, serikali ikaagiza akiba za nafaka zihesabiwe, na yeye akakutwa na busheli 80 za kimea (busheli moja ni kama lita 36), wakati maskini wanalia njaa. Majirani zake wengi walikuwa nacho pia, ila mimi sioni kama hilo linapunguza uzito.

Kimea tena ndicho kilichomfanya adai. Mwaka 1604 alimuuzia muuza dawa Philip Rogers busheli 20 kwa mkopo, thamani yake shilingi 39 na peni 10. Juni akamkopesha tena shilingi mbili. Rogers akarudisha shilingi sita, akanyamaza. Shakespeare akamshitaki kwa shilingi 35 na peni 10 zilizobaki, na fidia ya shilingi 10 juu. Huyu ni mtu aliyenunua mashamba ya pauni 320 miaka miwili kabla.

Mwaka 1608 akamshitaki John Addenbrooke kwa pauni sita. Hizo ni siku 120 za kazi ya fundi. Addenbrooke alikamatwa, akaachiwa kwa dhamana. Mdhamini wake alikuwa Thomas Hornby, mhunzi, ambaye alikaa mtaa huu huu wa Henley. Kesi ikaenda hadi Juni 1609. Wazee wa baraza walioapishwa wakaamua Shakespeare alipwe pauni zake sita na shilingi 24 za gharama. Ofisa akatumwa kumtafuta Addenbrooke, akaripoti kwamba hayumo ndani ya mipaka ya mji. Alikuwa ameondoka. Amri iliyofuata ikamtaja Hornby.

Mhunzi, ndugu zangu. Mtu wa nyundo na mkaa, aliyesema neno moja la kumsaidia mwenzake asilale gerezani, sasa mtu tajiri kuliko karibu wote mjini anamdai yeye. Kisheria Shakespeare alikuwa na haki yote. Lakini alikuwa ameona kwa macho yake udhamini ulivyombomoa baba yake, na bado akamfuata mdhamini. Hilo limenikaa moyoni tangu niliposoma kesi hii.

Nasema hivi kwa sababu baba yangu mdogo kule Muheza alisaini udhamini wa rafiki yake, rafiki akahama, na kiwanja kikauzwa kwa mnada. Wengi wenu mko kwenye vikoba na mnasainiana kila wiki. Na jueni kwamba sehemu ya sheria hizi ilisafiri mpaka kwetu, kupitia sheria za madai za India ambazo Waingereza walizileta Afrika Mashariki. Uingereza ilifuta sehemu kubwa ya kifungo cha madeni mwaka 1869. Tanzania na Kenya, mdaiwa aliyeshindwa kesi bado anaweza kupelekwa gerezani kama mfungwa wa madai, na anayemdai ndiye anayetoa pesa za chakula chake.

Kabla hujasaini fomu ya udhamini, omba nakala uisome nyumbani, uone imeandika kiasi gani, kwa muda gani, na kama wanaweza kuanza na wewe kabla ya mkopaji. Kama mmewahi kumlipia mtu deni kwa njia hii, niandikieni jinsi mlivyofanya, hasa waliofanikiwa kurudishiwa fedha zao. Mimi sasa navuka kwenda kwenye ukumbi wa zamani wa baraza la mji, alikokaa John akiwa kiongozi, niwaonyeshe chumba chenyewe kabla hawajafunga saa kumi na moja.