Kinda Halelewi na Makinda Wenzake

Shikamooni wakubwa, vijana, habari zenu. Leo nataka tukae na Edmonton, klabu ya Kanada, maana ukitaka kujua kikosi cha hoki ya barafuni kinavyojengwa upya, pale pana funzo linalouma.

Mnajua utaratibu wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini. Kila mwaka vilabu huchagua chipukizi kwa zamu, na waliovurunda zaidi ndio wenye nafasi kubwa ya kutangulia, ingawa bahati nasibu huweza kupangua foleni. Edmonton Oilers walipata chaguo la kwanza miaka mitatu mfululizo: Taylor Hall 2010, Ryan Nugent-Hopkins 2011, Nail Yakupov 2012. Hata hivyo, kufikia 2016 walikuwa wametimiza misimu 10 bila kukanyaga mtoano.

Kumbukeni Januari 2013. Yakupov, kijana wa miaka 19, anawasawazishia dhidi ya Los Angeles Kings zikiwa zimebaki sekunde chache. Anakatiza uwanja mbio, anajitupa, anateleza kwa magoti, mashabiki wamesimama wote. Nikiiona picha ile hadi leo roho inaniuma. Moto alikuwa nao. Nani alimfundisha kurudi kukaba? Kabla ya kupelekwa klabu ya St. Louis 2016 alikwisha kupita mikononi mwa Krueger, Eakins, Nelson na McLellan. Misimu minne, makocha wanne, kila mmoja na mfumo wake! Na katika chumba cha kubadilishia nguo, wa kumshika mkono walikuwa vijana wenzake.

Klabu ya Chicago nao walivuna chipukizi kwenye machaguo ya juu, Toews 2006 na Kane 2007. Ila ngome walishaianza mapema: beki Duncan Keith, chaguo la 54 mwaka 2002, waliacha akomae misimu miwili timu ya chini, kule Norfolk. Kisha 2009 wakamsajili Marian Hossa, mtu aliyekwisha kuona mengi. Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, wakalibeba 2010, 2013 na 2015.

Ndiyo maana nawasihi viongozi wa vilabu: msiwafukuze wazoefu wote kwa siku moja, na kocha mpeni muda. Halafu skauti, wale wasaka vipaji, jamani! Detroit walimchukua Henrik Zetterberg 1999 akiwa chaguo la 210, wengine wote wameshampita. Mwaka 2008 akatwaa kombe, na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano ikawa yake. Mimi nikipewa klabu iliyo mkiani, fedha ya kwanza naipeleka kwa watu wanaokwenda kutazama mechi za vijana kwenye viwanja vidogo.