Kabla Hujashika Bisibisi: Sailensa ya Gari Isiyotulia

Habarini za asubuhi. Mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele.

Leo tunazungumzia sailensa, yaani injini inawaka, gari limesimama, mguu hauko kwenye mafuta. Mteja anafika gereji za Unga Limited, hapa Arusha, analalamika: "Fundi, likisimama tu linazima." Mwingine: "Linanguruma lenyewe kama nimelikanyagia." Na fundi, hata hajauliza limeanza lini, bisibisi iko mkononi. Skrubu ya sailensa inakazwa, mshale wa mizunguko unapanda, hela inalipwa. Wiki ijayo mteja yuko kwa fundi mwingine na tatizo lilelile. Tabia hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Gari dogo la petroli, tuseme IST, likishapata moto hukaa takriban kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika. Kiwango cha gari lenyewe utakikuta kwenye kitabu chake, au kwenye kibandiko chini ya boneti. Likiwa baridi, 1,200 mpaka 1,500 si ugonjwa. Kwa hiyo pima likiwa na moto, gia P, AC na taa zimezimwa, feni imesimama.

Na hapo kwenye moto tusimame kidogo, maana Arusha ya Julai mnaijua. Kuna mchezo wa kung'oa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti gari lisichemshe. Sasa injini isiyo na themostati, saa kumi na mbili asubuhi pale Sakina, itapata moto saa ngapi? Kompyuta ya injini inasoma joto la maji, inaona nyuzi 50, inajua ndiyo kwanza gari limewashwa. Inaongeza mafuta, inapandisha sailensa. Wewe unahangaika na throto, ule mlango wa hewa ya injini, tangu asubuhi, kumbe ugonjwa ni kifaa alichotoa mwenzako mwaka jana. Kirudishe! Kama lilikuwa linachemsha, tafuta kwenye rejeta, feni, mfuniko, gasketi ya silinda hedi. Sensa ya joto nayo ikifa inaleta mambo hayohayo: mpira wa rejeta haushikiki kwa moto, mashine ya kupimia inakuambia nyuzi 20.

Likiwa linazima au sailensa iko chini, fungua mpira mkubwa wa hewa utazame throto. Kando ya kile kisahani kinachofungua na kufunga hewa utaona duara jeusi la masizi na mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini. Njia ya hewa ya sailensa ni nyembamba mno, masizi kidogo yanaiziba. Zima swichi, pulizia dawa ya kusafishia throto kwenye kitambaa, ufute taratibu. Throto ya umeme usiisukume kwa kidole wakati swichi iko on, utavunja gia zake ndogo. Ukimaliza, gari linaweza kukaa na sailensa ya juu kwa muda, kwa sababu kompyuta ilishazoea uchafu. Kila aina ya gari ina utaratibu wake wa kuifundisha upya kompyuta. Ufuate, usikimbilie skrubu.

Ikiwa inapanda na kushuka, panda shuka, shuku hewa inayoingia kwa wizi. Chukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine itembeze kwenye mipira ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, na gasketi ya manifodi, bomba linalopeleka hewa kwenye silinda. Palipotoboka pana mluzi. Wengine hupulizia dawa ya kabureta juu ya injini ya moto. Dawa hiyo inashika moto haraka, mimi siipendekezi.

Wenye geji ya vakyumu sikilizeni. Vitabu vinasema injini nzima inasoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu inchi moja, na mji huu uko kama mita 1,400. Hapa ukisoma 15, injini haina kosa. Kuna wateja wamefunguliwa injini kwa sababu ya namba hiyo.

Ndiyo, kijana wa bodaboda, umeuliza vizuri. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa Dar ikifika huku inazidiwa mafuta, hewa ni nyepesi. Tazama skrubu ya mchanganyiko iko wapi. Ikiwa upande wa injini, kwa kawaida inapima mafuta: kuikaza kunapunguza. Ikiwa upande wa eakilina, yaani chujio la hewa, inapima hewa, na kuikaza kunaongeza mafuta. Tafuta pale injini inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi, kisha shusha kwa skrubu ya sailensa, urudie. Huko skrubu ni halali yako.

Kwenye gari la kompyuta, ile skrubu inayozuia kisahani ilisetiwa kiwandani. Ukiikaza, sensa ya throto inaweza kusema dereva amekanyaga. Matokeo yake, unaposhuka kilima mguu ukiwa nje, kompyuta haikati mafuta kama inavyotakiwa. Mafuta yanaisha upesi, mteja analaumu kituo cha mafuta.

Haya, tutoke nje. Kuna Noah pale uwanjani inapanda na kushuka, na mwenyewe ameruhusu tuiguse. Mwenye kipande cha mpira atangulie.