Kabla ya Kuomba Kuwekewa Mikono

Baba zangu, mama zangu, nanyi vijana mliotoka mitaa ya Kenya na Ruashi, humu Lubumbashi, kwa miguu, Bwana asifiwe.

Kijana mmoja alinifuata baada ya ibada hapa Katuba. "Mchungaji, naomba niwekewe mikono niwe mchungaji, upesi. Rafiki yangu anaoa mwezi wa nane, na anataka mimi ndiye nimfungishe ndoa." Nikamuuliza, "Kumbe wito wako una tarehe?" Akacheka.

Marekani angefanikiwa. Kule majimbo humwazima mhudumu wa dini mamlaka ya serikali: akitia saini, wawili ni mume na mke. Na Kirby Hensley, aliyeanzisha Universal Life Church kule Modesto, California, mwaka 1962, aligawa uchungaji kwa yeyote aliyeomba. Siku hizi ni dakika chache kwenye intaneti, ingawa mahakama za huko hazikukubaliana zote kama ndoa zinazofungwa na wachungaji hao ni halali.

Kwetu Kongo, hata askofu hana nguvu hiyo. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa etasivili, yule mwandikishaji wa serikali, au ya kifamilia iliyoandikishwa kwake. Mmeyaona hayo: burugumesta, mkuu wa komine, yaani serikali ya mtaa, amevaa utepe wake, maarusi wameshika bendera, mkono wa kuume juu. Anauliza mbele ya wote kama mahari imepokelewa. Halafu mali: iwe ya pamoja yote, kila mtu na yake, au pamoja ile mtakayochuma ndani ya ndoa tu? Hapo maarusi wengi hutazamana; hawakuwahi kulizungumza! Msipochagua, sheria inawapa hiyo ya mwisho.

Mimi niliwahi kubariki ndoa ambayo haijapita komine. Familia walisema pesa zimeishia kwenye sherehe, wataandikisha baadaye. Mwaka wa sita mume akafariki. Mama yule alinijia na bahasha ya picha za harusi. Mimi katikati, joho jeupe, nimetabasamu. Mashemeji walikuwa wamekwisha kubadilisha kufuli ya nyumba. Alikokwenda kulalamika waliomba karatasi, naye akatoa picha yangu.

Tangu hapo sifungui kitabu kabla sijaona cheti cha komine. Wananiita mgumu, sawa.

Yule kijana nilimwambia uchungaji unafundishwa kwenye chuo cha Mulungwishi, na masomo hayo ni ya miaka. Ila kwa huo mwezi wa nane, amsindikize rafiki yake komine awe shahidi. Shahidi anatia saini pale. Mimi siombwi.