Karatasi Tupu Kwenye Printa: Kosa Liko Wapi?

Karibuni. Printa inapotoa karatasi tupu, wengi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kununua wino au kufuta draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. La kwanza linakula fedha, la pili linakula muda, na mara nyingi kosa linabaki palepale. Kabla ya kugusa chochote, zikusanye karatasi zote kwa mpangilio uleule zilivyotoka, kisha soma namba za kurasa. Kama hati yako haina namba, ziweke na uchape tena.

Namba hizo zinasema mengi. Ukikuta ukurasa wa 3, karatasi tupu, halafu ukurasa wa 4, karatasi hiyo haimo kwenye hati. Imetoka kwenye trei. Ukikuta 3, tupu, halafu 5, ukurasa wa 4 upo: ama hati yenyewe imeuacha mtupu, ama ulikuwa na maandishi yakapotelea njiani. Tupu ikija mwisho kabisa, maneno yote yakiwa yameshatoka, hayo ni mabaki ndani ya hati. Zikiwa tupu zote, ya kwanza hadi ya mwisho, hapo ndipo tunaigeukia printa.

La trei tulimalize haraka. Printa imevuta karatasi mbili kwa mpigo. Toa rundo lote, lipepete kingo hewa iingie katikati, lilinganishe, ulirudishe bila kupita alama ya juu ya trei. Karatasi iliyovuta unyevu hushikana hata ukiipepeta, hivyo jaribu nyingine iliyotoka kwenye pakiti iliyofungwa. Likijirudia, ifute rola ya kuvutia karatasi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa maji kidogo tu. Kipande cha mpira kinachotenganisha karatasi kikiwa kimeng'aa kwa kusuguliwa, kimekwisha kazi, kibadilishwe. Na kama karatasi isiyo na namba hutangulia kila kazi bila kukosa, huenda kwenye mipangilio ya printa mtu amewasha karatasi ya kutenganisha kazi za watu mbalimbali. Izime.

Sasa twende kwenye hati, maana huku ndiko kwenye mambo.

Katika Word bonyeza Ctrl+Shift+8. Katika LibreOffice Writer ni Ctrl+F10. Alama zilizofichika zitajitokeza: kila aya na alama yake, kila nafasi na nukta yake, na kila mkato wa ukurasa au wa sehemu. Nenda mwisho wa hati kwa Ctrl+End. Ukikuta alama za aya zimejipanga bila maneno, mtu alibonyeza Enter mara nyingi, na zilizozidi zimesukumwa kwenye ukurasa mpya. Zifute. Huo ndio ukurasa mtupu rahisi kuliko yote, na ndio unaowashangaza watu hati inapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine: kwako ilikuwa kurasa sita, kule ni saba. Kompyuta ya pili haina fonti uliyotumia, imeweka nyingine iliyo pana kidogo, mistari imeongezeka, na zile aya tupu zimevuka mpaka. Hali ni hiyohiyo ukibadilisha ukubwa wa karatasi kutoka A4 kwenda Letter. A4 ni milimita 210 kwa 297. Letter ni karibu 216 kwa 279. Kila ukurasa umepoteza milimita 18 za urefu, yaani kama mistari mitatu ya maandishi ya ukubwa wa 12.

Jedwali linaloishia chini kabisa ya ukurasa lina ukaidi wake. Word haikubali hati iishie kwenye jedwali; lazima iweke aya moja baada yake, na aya hiyo haifutiki hata ukibonyeza Delete mpaka jioni. Usishindane nayo. Iteue, weka ukubwa wa fonti 1, nafasi kabla na baada ya aya ziwe sifuri, na urefu wa mstari uwe pointi 1 kamili. Itabaki kwenye ukurasa wa jedwali bila mtu kuiona. Ikigoma bado, punguza kidogo pambizo ya chini.

Tupu ikiwa katikati ya hati, tafuta mambo matatu. La kwanza ni mkato wa ukurasa ambao umewekwa mara mbili. La pili ni aya iliyopewa amri ya kuanza ukurasa mpya ndani ya mipangilio yake yenyewe. Hii haionyeshi mstari wowote wa mkato, ndiyo maana watu huipita. Ukikuta kichwa cha habari kinagoma kupanda juu, fungua mipangilio ya aya, upande wa mistari na mikato ya kurasa, uondoe tiki. La tatu ndilo linalotesa zaidi: mkato wa sehemu unaodai sehemu mpya ianze kwenye ukurasa witiri, yaani wenye namba isiyogawanyika kwa mbili.

Sura ya kwanza ikiishia ukurasa wa 3, na ya pili imeamriwa ianze kwenye namba witiri, Word inaruka kwenda 5. Ukurasa wa 4 hauonekani unapoandika, na alama zilizofichika hazitakuonyesha karatasi yoyote katikati. Lakini printa inaitoa. Kwa kitabu kinachochapwa pande mbili hilo si kosa hata kidogo. Ndivyo kila sura inavyoanzia upande wa kulia. Kwa ripoti inayochapwa upande mmoja ni karatasi ya bure.

Dawa yake si kuufuta mkato huo. Mkato wa sehemu ndio unaobeba mipangilio ya sehemu iliyo kabla yake, yaani pambizo, mwelekeo wa karatasi, vichwa na vijachini. Ukiufuta, sehemu ya kwanza inachukua sura ya sehemu inayofuata, na kurasa zako za wima zinaweza kulala zote kwa sababu tu kiambatisho cha mwisho kilikuwa cha mlalo. Badala yake weka kishale ndani ya sehemu iliyo baada ya mkato, fungua mipangilio ya ukurasa, upande wa mpangilio, na pale panapouliza sehemu ianzie wapi chagua ukurasa mpya badala ya ukurasa witiri. Angalieni: ni sehemu iliyo baada, si iliyo kabla. Wengi hubadilisha ile ya kabla, wakaona hakuna kilichotokea, wakakata tamaa.

Writer nayo inaweka kurasa tupu za aina hiyo pale mitindo ya ukurasa wa kulia na wa kushoto inapofuatana vibaya. Kwenye chaguo za Writer, upande wa uchapishaji, kuna kisanduku cha kuchapa kurasa tupu zilizowekwa na programu yenyewe. Ondoa tiki kwa kazi ya upande mmoja. Kwa kazi ya pande mbili iache, la sivyo sura zitahama upande.

Tuje kwa ukurasa uliokuwa na maandishi kwenye skrini ukatoka mweupe. Kabla ya kuilaumu printa, ihifadhi hati kama PDF na uitazame. Kama ukurasa ni mtupu ndani ya PDF, printa haina hatia. Chanzo cha kwanza ni rangi. Mtu ameweka usuli mweusi kwenye ukurasa na maandishi meupe. Skrini inapendeza, lakini Word kwa kawaida haichapi rangi ya usuli wa ukurasa. Kinachobaki ni maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Teua maandishi yote, rudisha rangi ya maandishi kwenye ile ya kujiendesha (Automatic). Chanzo cha pili ni visanduku vya maandishi na michoro: kwenye chaguo za Word, upande wa maonyesho, kuna tiki ya kuchapa michoro iliyoundwa ndani ya Word. Ikiondolewa, vyote vinavyoelea juu ya ukurasa vinaachwa, na ukurasa wa jalada uliotengenezwa kwa visanduku pekee unatoka bila hata herufi. Cha tatu ni maandishi yaliyofichwa. Hayo huonekana ukiwa umewasha alama, yamepigiwa mstari wa nukta nukta, lakini hayachapwi. Ndiyo sababu idadi ya kurasa kwenye skrini inaweza kuzidi ya karatasi.

Haya, kurasa zote ni tupu. Achana na kompyuta kwanza. Chapa ukurasa wa majaribio kwa vitufe vya printa yenyewe, au kama ina kioo cha kunakilia, toa nakala ya karatasi yoyote yenye maandishi. Nakala haipiti kwenye draiva wala kwenye Word. Ikitoka safi, wino upo na printa ni nzima. Rudi kwenye kompyuta. Ikitoka tupu, usipoteze hata dakika moja kwenye hati.

Kwa printa ya wino wa maji, uliza kama katriji ni mpya. Huja na utepe unaoziba tundu la hewa au vinyweleo, yaani vitundu vidogo vinavyotoa wino, na usipobanduliwa wino haushuki hata katriji ikiwa imejaa. Kama si mpya, wino umekauka kwenye vinyweleo. Chapa ukurasa wa kukagua vinyweleo, endesha usafishaji wa kichwa cha kuchapia, kisha kagua tena. Mara mbili, tatu kwa wingi, halafu iache saa kadhaa. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sifongo ya taka, na kuurudia mara kumi mfululizo ni kumaliza katriji bila kuchapa kitu.

Printa ya leza ina tabia tofauti. Tona, ule unga unaotumika badala ya wino, ikielekea kuisha hufifia kidogokidogo. Haiamki asubuhi ikatoa karatasi nyeupe kabisa. Weupe wa ghafla una sababu nyingine: ukanda wa plastiki haujavutwa kwenye katriji mpya, mwanga wa leza haufiki kwenye dramu (silinda inayobeba taswira ya ukurasa), au rola ya kuhamishia tona haina umeme. Pa kuzitenganisha ni katikati ya kazi. Anza kuchapa, fungua mlango karatasi ikiwa bado njiani, toa katriji, utazame dramu. Ukiona maandishi ya tona juu ya dramu na karatasi haina kitu, kosa ni la kuhamisha: rola au viunganishi vyake vya umeme. Dramu ikiwa safi, kosa ni katriji au leza, na kubadilisha katriji kutakuambia ni ipi. Dramu isikae kwenye mwanga, irudishe ndani ya dakika moja au mbili. Msiguse sehemu inayoyeyusha tona; inaunguza.

Printa ni nzima, PDF ni nzima, na bado tupu? Kosa liko kati yao. Chapa ile PDF kwa chaguo la kuchapa kama picha. Ikitoka, draiva imeshindwa kusoma fonti au michoro, basi weka draiva ya modeli hiyohiyo, si ya inayofanana nayo. Kuna wakati kosa ni la mfumo wenyewe: Machi 2021 masasisho ya Windows 10 yalifanya baadhi ya kazi zitoke tupu au zikose michoro, na Microsoft ikatoa marekebisho mwezi huohuo. Kwa foleni ya kazi za kuchapa iliyokwama, simamisha huduma ya foleni ya uchapishaji, futa mafaili yaliyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, folda yenyewe uiache, kisha uiwashe huduma upya.

Kuna swali hapa mbele: barua zilizounganishwa na orodha ya majina ya Excel, na mwishoni zinatoka barua kadhaa zisizo na jina. Hizo ni safu za mlalo zilizofutwa maneno lakini bado Excel inazihesabu. Kwenye orodha bonyeza Ctrl+End. Kishale kikitua chini ya jina la mwisho, teua safu zote za ziada kwa namba zake za pembeni, uzifute safu nzima, si maneno tu. Hifadhi, funga, kisha unganisha tena.