Mnyororo wa Markov na ngeli zetu: mhadhara kwa wanafunzi wa informatike, Bukavu

Ndugu zangu, karibuni. Leo tunaifundisha mashine kutunga sentensi za Kiswahili kwa mnyororo wa Markov, yaani kuchota neno lijalo kwa kutazama tu neno lililopo sasa. Kurani, yaani umeme, ikikatika tutaendelea kwa kalamu, maana ndivyo kazi hii ilivyoanza. Mwaka 1913 Andrei Markov, mwanahisabati wa Urusi, alihesabu kwa mkono herufi 20,000 za shairi refu la Pushkin, akitazama irabu na konsonanti zinavyofuatana. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon akafika kwenye maneno ya Kiingereza, neno moja likiita jingine.

Tazameni ubaoni: "Mama anauza sambaza Kadutu. Mama anauza makala Nyawera. Mtoto anauza sambaza Nyawera." Sambaza ni samaki wadogo, makala ni mkaa, Kadutu na Nyawera ni masoko yetu. Baada ya "anauza" tunaona sambaza, makala, sambaza. Msiondoe marudio! Sambaza imo mara mbili kati ya tatu, kwa hiyo ukichota bila kutazama, ndiyo itakayotoka zaidi. Katika JavaScript, ambapo "maneno" ni orodha ya maneno yetu kwa mfuatano wake:

```
const mnyororo = new Map();
for (let i = 0; i < maneno.length - 1; i++) {
  const sasa = maneno[i];
  if (!mnyororo.has(sasa)) mnyororo.set(sasa, []);
  mnyororo.get(sasa).push(maneno[i + 1]);
}
```

Nukta nayo ihesabiwe kuwa neno, ili mashine ijue pa kuanzia na pa kukomea. Kuchota ni kazi ya Math.random, inayotoa namba kwa bahati nasibu. Hapo inaweza kutoka "Mtoto anauza makala Nyawera", sentensi ambayo hatukuiandika.

Sasa jambo lililonileta. Mifano mingi mtakayoikuta imeundwa kwa Kiingereza, na ukiichukua ilivyo, Kiswahili kinaumia. "Kitabu cha mwalimu wa shule ya Ibanda kimepotea." Mnyororo ukifika "Ibanda" umeshasahau kitabu. Utatoa "Shati la mwalimu wa shule ya Ibanda kimepotea." Mtu atasema tukumbuke maneno mawili nyuma, au matatu. Hayatoshi: kukifikia kitabu unahitaji saba, na kwa maandishi machache tuliyo nayo, mnyororo wa maneno saba utanakili tu kile ulichoulisha.

Mimi naamini njia hii. Kabla ya kujenga mnyororo, kateni kiambishi cha mtenda: kimepotea, limepotea na amepotea zote ziwe "-mepotea". Ngeli ya mtenda ihifadhiwe pembeni mpaka nukta. Mnyororo ukitoa "-mepotea", programu inabandika "ki", "li" au "a" kwa kufuata ngeli hiyo. Upatanisho unakaa sawa, na maneno matatu yaliyotawanyika yamekuwa moja, hivyo hata maandishi kidogo yanafundisha zaidi. Bado ni mnyororo wa Markov: hali yake, yaani kile unachokikumbuka, sasa ni neno pamoja na ngeli. "Cha", "la" na "wa" zikatwe pia, ila hizo zifuate jina linalozitangulia.

Ngeli msiikisie kwa herufi za mwanzo. Kiongozi ana "ki", lakini tunasema kiongozi amefika, kijana vilevile. Orodha ya majina na ngeli zake lazima iandikwe na mtu, tena mtu anayekijua Kiswahili.

Na Kiswahili kipi? Shuleni kitabu kimepotea. Sokoni Kadutu mara nyingi utasikia "kitabu imepotea". Vyote viwili ni vyetu, nami sitaki mashine iufute usemi wa mama zetu. Kwa kuwa viambishi vimekatwa, mnyororo unabaki uleule. Andikeni majedwali mawili ya viambishi: la shule lenye ngeli zote, na la soko, ambamo watu wanapata "a" na vitu vingi vinapata "i".