Nairobi hadi New York: Kwa Nini Kwenda Ni Saa 15 na Kurudi Saa 14

Mabibi na mabwana, miji hii miwili haisogei. Mbona basi ratiba inaandika takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi?

Tuanze na umbali. Nauvuta uzi huu juu ya tufe, kutoka Embakasi, ulipo uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy wa New York, mpaka ukaze. Tazameni: unaelekea kaskazini-magharibi, unapita Sudan Kusini, Chad na Sahara, na nusu ya safari unakuta uko karibu na Marrakesh, Morocco. Umekata digrii 106.5 za mzingo wa dunia. Zidisha kwa kilomita 111.2 za kila digrii, unapata kama kilomita 11,840. Ndege yenyewe huongeza kidogo, kwa sababu lazima ikwepe anga zilizofungwa, kama ya Sudan tangu Aprili 2023.

Sasa kasi. Boeing 787, aina iliyofungua safari hii ya moja kwa moja ya Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, huenda kama kilomita 900 kwa saa. Lakini hiyo ni kasi ndani ya hewa, na hewa nayo inatembea! Ukigawanya 11,840 kwa 900 unapata saa 13 na dakika 9, jibu ambalo ni sahihi siku isiyo na upepo tu. Kaskazini mwa njia hii, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo mkali wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huzidi nguvu. Tuseme wastani wake kwa safari nzima ni kilomita 60 kwa saa. Kwenda, kasi juu ya ardhi inabaki 840: saa 14 na dakika 6. Kurudi inakuwa 960: saa 12 na dakika 20. Jumlisheni zote mbili muone: upepo uliotuchelewesha haukutulipa kila kitu, tumepoteza dakika 7 kulinganisha na siku isiyo na upepo. Sababu ni kwamba tunakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaotupinga.

Ongeza muda wa kutembea ardhini, kupaa, kushuka na kuzunguka njiani, ndipo unazifikia saa za ratiba.

Kupaa Nairobi kuna ugumu wake. Uwanja uko futi 5,330 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na joto la mchana huizidisha wepesi. Mabawa na injini hupungukiwa nguvu, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta hupendelea ubaridi wa usiku.

Mwisho, tiketi. Saa zilizoandikwa ni za kila mji, msizitoe hivi hivi. Ukiondoka saa 5 usiku na kuruka saa 15, Nairobi itakuwa saa 8 mchana. New York iko nyuma ya Nairobi, kwa hiyo Januari toa saa 8: kule ni saa 12 asubuhi. Julai, wakati wao wameshasogeza saa zao mbele, toa 7: saa 1 asubuhi.